Dismasi Amekataa Kurudi

Najiat alikuwa amebeba mengi katika pikapu yake: madumu ya asali kutoka Sikonge, magunia ya mpunga, magodoro ya wanafunzi wa bweni, mbuzi wa akika, na siku moja kabati la bi harusi lililovunjika mguu njiani likazusha ugomvi wa koo mbili. Maiti hakuwahi kubeba. Asubuhi ile, vijana wa mochwari walipolisukuma jeneza la Dismasi nyuma ya gari na kulifunga kwa kamba, alisimama pembeni akisoma dua kimoyomoyo.

Alikuwa amekubali kwa sababu ya dada yake, Zuwena. Mume wa Zuwena alilazwa kitanda cha jirani na cha Dismasi, na kwa majuma kadhaa wanawake hao wawili, Zuwena wa Tabora mjini na Konsolata, mke wa Dismasi, wa Ulyankulu, waligawana uji, ndoo ya maji na mkeka wa kulalia. Dismasi alipofariki, gari walilokuwa wameahidiwa na ndugu halikutokea. Zuwena akampigia simu mdogo wake.

"Huyu mwanamke hana mtu hapa mjini," alisema. "Ana shemeji tu, na shemeji mwenyewe hamsemeshi."

Shemeji huyo aliitwa Gerson, mdogo wake marehemu, mwanamume mrefu wa makamo aliyevaa koti la suti lililomzidi mabega. Alikaa dirishani, Konsolata katikati, Najiat kwenye usukani. Nyuma, kando ya jeneza, walikaa binamu yao Viktori na jirani mmoja aliyekuja kusaidia kubeba.

Waliondoka kuelekea Ulyankulu jua likiwa bado changa. Waliipita ile miembe mizee iliyopandwa enzi za misafara, ambayo watu wa Tabora hawaioni tena kwa kuizoea, kisha lami ikaisha, vumbi likaanza, na msitu wa miombo ukawabana kushoto na kulia. Konsolata alikuwa amepakata beseni lenye vitu vya wodini: sufuria na kifuniko chake, bakuli, shati la Dismasi, mswaki wake. Kila gari lilipotumbukia shimoni aligeuka kutazama nyuma kupitia kioo, na kila alipogeuka Gerson alikaza taya.

"Alisema asipelekwe hospitali," Gerson akasema ghafla, macho yake barabarani. "Alishika nguzo ya mlango akasema, niacheni nifie kwangu. Wewe ukambandua vidole."

Konsolata alikumbatia beseni kwa nguvu zaidi.

Walikuwa wamevuka daraja dogo na kuanza kupanda mwinuko wakati gari lilipoacha kuitika. Najiat alikanyaga mafuta mpaka chini, hakuna kitu. Akarudi gia ya tatu, akarudi ya pili. Injini ikakohoa, gari zima likatetemeka, na taa ya njano ya injini ikawaka mbele yake. Kwenye kioo cha pembeni aliona moshi mweusi, mzito, ukimwagika nyuma yao na kuifunika barabara, na katikati ya moshi huo Viktori alikuwa amejifunika uso kwa shati, mkono mmoja juu ya jeneza ili lisiteleze. Kabla hawajaufikia ukingo wa juu, injini ikazimika.

Najiat aliwasha tena. Liliwaka kwa shida, likanguruma kwa kusitasita, likasogea kidogo, likafa.

"Nini?" Gerson aliuliza.

"Sijui. Linakosa nguvu."

"Asubuhi lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

Gerson alifungua mlango, akashuka bila kuongeza neno, akazunguka nyuma. Najiat alimwona kwenye kioo akiweka kiganja juu ya mbao za jeneza na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Alizungumza Kirundi, lugha ya kwao, taratibu, akilitaja jina la kaka yake. Kisha akarudi upande wa abiria.

"Shemeji, shuka."

Konsolata alimtazama. "Nishuke kwa nini?"

"Shuka tujaribu bila wewe."

Najiat aliijua habari hiyo. Hakuna aliyekulia Tabora asiyeisikia: maiti akikataa, gari haliendi. Husimama porini, na hakuna fundi atakayeliondoa, mpaka yule aliyemkosea marehemu aombe radhi au aachwe. Yeye mwenyewe aliwahi kusimuliwa kisa kama hicho jikoni kwa shangazi yake na nywele zikamsisimka. Sasa alihisi ubaridi ule ule mgongoni, ingawa jua lilikuwa limeshapanda na usukani ulikuwa wa moto.

Konsolata alishuka na beseni lake. Najiat akawasha. Gari likawaka, likatetemeka, halafu, mbele ya macho ya wote, likavuta. Lilipanda polepole, likaumaliza ule mwinuko, likaanza kutembea kwenye tambarare. Viktori alipiga kelele kule nyuma. Gerson, aliyekuwa akikimbia kando ya gari, aliinua mikono juu.

"Mnaona? Mnaona! Akishuka linakwenda!"

Kwenye kioo, Konsolata alizidi kuwa mdogo barabarani.

Najiat alikanyaga breki. Hakujua kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa hofu. Lakini alipotaka kuondoka tena, injini ilikohoa kama mwanzo, moshi mweusi ukatoka, na kimya kikarudi.

Waendesha baiskeli wawili waliobeba magunia ya mkaa walikuwa wamesimama kutazama. Gerson aliwaeleza pasipo kuulizwa, nao wakashusha baiskeli zao kando ya barabara na kuvua kofia. Mmoja wao alisema jambo hilo si geni, hata kwao liliwahi kutokea. Konsolata alipowafikia, akihema, walimpisha kama mtu anayempisha ng'ombe asiyemjua.

"Utarudi mjini," Gerson alimwambia. "Au utembee, shauri yako. Kaka atazikwa bila wewe."

"Gerson, ni mume wangu."

"Amekukataa. Umeona mwenyewe."

Gerson alitoa simu, akaihangaisha hewani mpaka akapata mtandao. Aliongea kwa sauti kubwa, na ingawa Najiat hakujua Kirundi, maneno mawili aliyarudia mara nyingi hata yakamwingia kichwani: *yanse gutaha*. Najiat alimtazama Konsolata.

"Anasema nini?"

"Amekataa kurudi nyumbani," Konsolata alisema. "Anamwambia mama yao kwamba Dismasi amekataa kurudi nyumbani kwa sababu yangu." Aligeukia jeneza. "Dada, labda ni kweli. Vidole vyake nilivibandua mimi. Kimoja kimoja."

Viktori alikuwa ameshuka. Alimshika Konsolata mkono juu ya kiwiko, si kwa ukali, lakini kama mtu aliyekwisha kuamua, akaanza kumvuta kuelekea walikotoka.

"Mwache," Najiat alisema.

"Haya si yako, mama."

"Gari ni langu. Aliyenitafuta ni yeye. Asipopanda, simpeleki mtu, hai wala maiti." Alishuka, akasimama mbele ya boneti. "Nipeni nafasi nilitazame kwanza. Likinishinda, mtasema hayo mnayosema."

"Wewe ni fundi?" Gerson aliuliza.

"Siyo."

Na kweli hakuwa. Alifungua boneti akakaa akiitazama injini kama anavyotazama daftari la mtoto wa sekondari. Lakini moshi ule mweusi ulimkumbusha kitu. Kipindi cha masika yaliyopita, alipopeleka gari kwa fundi wake, Mfaume, kwa shughuli ya breki, Mfaume aliingiza kichwa humu humu akaguna. "Gari lako linavuta moshi wake lenyewe, Mama Uwesu," alimwambia. Najiat alidhani anatania. Mfaume akamweleza kwamba limeundwa hivyo: sehemu kidogo ya moshi wa ekzosi inarudishwa ndani ichanganyike na hewa safi, ili moto wa ndani usiwe mkali mno na sumu inayotoka nje ipungue. Kuna mlango mdogo, vali, unaoachia moshi huo na kuuzuia. Mafundi wanauita EGR. Gari likitembea mjini tu, polepole, masizi yanajaa hapo, yanachanganyika na mvuke wa oili na kuwa kama lami. "Sasa siku mlango huu ukigoma kufunga," Mfaume alisema, "utakanyaga mafuta, na injini itatafuta hewa imeze moshi. Hasa mlimani, na mzigo nyuma." Aliufungua siku ile, akausafisha kidogo, akamwambia arudi ausafishe vizuri. Najiat hakuwa amerudi.

Mlimani, na mzigo nyuma. Na gari lilipovuta baada ya Konsolata kushuka, injini ilikuwa imepumzika na njia ilikuwa imeanza kulala. Aliyafikiria hayo yote huku vidole vyake vikitafuta, nyuma ya mabomba, kile kidude cha chuma chenye waya juu yake. Alikipata. Kilikuwa cha moto, akautoa mkono haraka.

"Konsolata," aliita. "Njoo unisaidie."

Walisubiri chuma kipoe. Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kugumu. Gerson alitembea huku na huko kando ya jeneza. Wale wa mkaa walikaa chini wakinong'ona. Wengine walisimama: mama mmoja na binti yake wenye kuni kichwani, mwendesha bodaboda. Kila aliyefika alisimuliwa upya, na kila aliyesimuliwa aligeuka kumtazama Konsolata.

Najiat alitoa boksi la spana chini ya kiti. Alilegeza kwanza bomba la hewa linalotoka kwenye chujio, ili apate nafasi, akaliacha mdomo wazi. Kisha akaichomoa waya ya vali na kuanza bolti. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Konsolata alizipokea juu ya kifuniko cha sufuria zisipotee vumbini. Ya mwisho ilikataa. Spana iliteleza, ikamchubua Najiat kwenye vifundo vya vidole. Akajaribu tena, akaona kichwa cha bolti kikianza kulika.

"Ikikatika hiyo," alisema kwa sauti ya chini, "hatutoki hapa."

Konsolata aliweka kifuniko chini, akashika spana pamoja naye, mikono yake ya jembe juu ya mikono ya Najiat. Walivuta taratibu. Kitu kilitoa mlio mkali, na kwa sekunde Najiat aliamini bolti imekatika. Ilikuwa imelegea.

Alipoivuta vali na kuigeuza kwenye mwanga, Konsolata alitamka, "Mana yanje. Mungu wangu."

Haikuonekana kama kitu cha gari. Ilikuwa kama mdomo wa chungu kilichopikiwa kwa kuni miaka na miaka bila kusuguliwa: masizi meusi, mazito, yenye mafuta, yamejaa mpaka tundu likabaki jembamba. Katikati, pale mlango mdogo ulipopaswa kukaa, bonge gumu kama kaa la mawe lilikuwa limejibana, na mlango ukabaki wazi juu yake. Najiat aliusukuma kwa kidole gumba. Haukusogea.

"Gerson," aliita. "Njoo uone."

Gerson hakutaka. Alikuja Viktori, akatazama, akagusa, akanusa kidole chake. Ndipo Gerson akasogea, mikono nyuma.

"Hiki ndicho kimekataa," Najiat alisema. "Gari linameza moshi wake. Halipati hewa."

Gerson alitazama kwa muda mrefu. "Kwa nini leo?" aliuliza.

"Leo ndiyo kilima kimekuwa kirefu na mzigo mzito," Najiat alisema. Gerson akaondoka.

Nyuma ya kiti kulikuwa na dumu dogo la dizeli ya akiba. Najiat alimimina kidogo kwenye bakuli la Konsolata, akailaza vali humo, akakwangua kwa kijiti ili asikikwaruze chuma. Masizi ya juu yalitoka kama matope. Ya ndani yalishikilia.

"Ningekuwa na brashi," alisema.

Konsolata aliinama kwenye beseni. Akatoa mswaki wa Dismasi na kumpa.

"Una hakika?"

"Chukua."

Najiat alisugua. Hakuthubutu kumtazama mwenzake. Wakati akiwa amechuchumaa hivyo, mgongo kwa gari, akiegemeza akili yake yote kwenye lile bonge, Konsolata alifuta mdomo wa injini mahali vali ilipokaa, kwa kitambaa, kama alivyoelekezwa, akihakikisha vipande haviangukii ndani. Mikono ya Najiat ilipoanza kuteleza kwa masizi, aliitwa aje amwagie maji, na kwa dakika chache hakuna mwanamke aliyekuwa kwenye injini.

Bonge lilibanduka. Najiat alisukuma mlango mdogo: ukaingia. Akauachia: springi ikaurudisha, *tak*. Akafanya hivyo tena na tena. Alitaka kucheka, akajizuia kwa heshima ya jeneza.

Wakairudisha vali mahali pake. Bolti zikaingia, hata ile mbishi. Bomba la hewa aliliacha bila kulifunga. Alitaka kusikia kwanza injini inavyopumua. Aliingia ndani ya gari. Konsolata alibaki mbele, kifuniko cha sufuria mkononi. Watu walisimama. Najiat alisoma bismillahi, akazungusha ufunguo.

Iliwaka mara moja. Kisha ikapanda.

Hakuwa amekanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ulipanda peke yake, mngurumo ukawa mlio, mlio ukawa yowe, na moshi, mweupe sasa, ukafumka nyuma kama shamba linaloungua. Gari lilitetemeka hata jeneza likaanza kugonga bodi. Najiat alizungusha ufunguo kuzima. Haikuzima. Aliuchomoa kabisa ufunguo, akautazama mkononi mwake, na injini ikaendelea kupiga yowe bila ufunguo.

Watu walikimbia. Baiskeli zilianguka, mkaa ukamwagika. Viktori na jirani walijitupa msituni. Gerson alisikika akipiga kelele, "Tumwache! Tumwache hapa hapa!" na haikujulikana kama anamsema kaka yake au mjane wake.

Najiat naye alitaka kukimbia. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Lakini kupitia ufa wa boneti iliyoinuliwa aliona kitambaa cha kichwa cha Konsolata. Hakuwa amekimbia. Alisimama pale pale mbele ya ile kelele, uso umeinuliwa, kama mtu anayengoja hukumu yake.

Kisha Najiat akaelewa. Injini haikuwa ikila mafuta ya tanki. Ilikuwa na kitu kingine cha kula, na isipozibwa pumzi itakula mpaka ivunjike.

"Konsolata!" Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti mpaka koo likauma. "Hewa! Ziba lile bomba la hewa! Kifuniko! Ziba!"

Kwa kitambo Konsolata hakusogea. Halafu aliinua kile kifuniko kwa mikono miwili, akakipeleka kwenye mdomo wa bomba aliloshuhudia likilegezwa. Kilinyakuliwa. Bomba lilikivuta kikajibana kwa kishindo, naye akakilalia kwa uzito wake wote, uso umegeuzwa, macho yamefumbwa. Yowe likakabwa. Likashuka, likawa mkoromo, likawa mtikisiko mmoja mkubwa uliorusha boneti nusu ya kufunga.

Kimya.

Najiat alishuka. Alimkuta Konsolata bado amelala juu ya kifuniko, akambandua polepole. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimechanika kwenye ukingo wa bati na damu ilikuwa ikidondoka. Najiat aliivua kanga yake ya juu akamfunga.

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilidhani ananiita," Konsolata alisema. "Nikasema nimsikilize."

Watu walirudi mmoja mmoja, wakikaa mbali. Gerson alikuja wa mwisho, uso umepauka. "Sasa mmeamini?" alisema. "Hata ufunguo hautii. Mwanamke huyu..."

"Ngoja," Najiat alisema. Alikuwa ameinama kwenye injini. Pale chini ya vali, kwenye maungio, dizeli ilikuwa ikichuruzika. Alipeleka kidole ndani ya mdomo wa bomba, kikatoka kimelowa. Aliinua dumu la akiba. Lilikuwa jepesi.

"Nani amemwaga dizeli humu ndani?"

Najiat alimtazama Konsolata, na Konsolata akatazama chini, haraka mno. Konsolata alikuwa ameona na hakutaka kusema.

"Injini hii ni ya dizeli," Najiat alisema, akiwageukia wote. "Mtu akimwaga mafuta mahali pa hewa, itawaka nayo na haitasikiliza ufunguo. Hakuna jini. Nataka kujua tu ni nyingi kiasi gani, nisije nikaiua nikiiwasha tena."

Yule mama wa kuni alisogeza mzigo kichwani.

"Mimi," Gerson alisema.

Alitazama viatu vyake. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ya mtu mdogo kuliko koti lake. "Nilipoona yale masizi... Mlipokwenda kunawa, nilichungulia pale kwenye tundu. Kulikuwa kumejaa vile vile. Nikasema nisaidie, pasafike vizuri, tuwahi. Nikamimina."

"Ulikuwa umeshaamini, basi, kwamba ni masizi," Najiat alisema.

Gerson aligeuka, akalikumbatia jeneza la kaka yake kwenye ukingo wa bodi, na mabega ndani ya lile koti kubwa yakaanza kutikisika. Alikuwa hajalia tangu mochwari. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na watu wakainamisha macho.

Kukausha kulichukua muda. Waliifungua vali upya, wakanyonya dizeli kwa vitambaa, shati la Dismasi likiwemo, wakaacha jua lifanye kazi yake. Gerson ndiye aliyeshika vitambaa. Mikono yake ikawa myeusi mpaka viwikoni. Najiat alipowasha mara ya pili, Konsolata alisimama na kifuniko mkononi, tayari. Injini ilipiga chafya ya moshi mweupe, ikasita, ikatulia. Kisha ikanguruma vile Najiat alivyoizoea. Hakuna aliyeshangilia. Wale wa mkaa waliwasaidia kukaza kamba za jeneza, wakakusanya mkaa wao.

Njiani Gerson alihangaika na simu. Hakukuwa na mtandao. Alijaribu tena kila walipopanda mahali pa juu, akaishia kuishika tu mapajani. Konsolata alikuwa katikati, mkono uliofungwa kanga juu ya beseni.

"Uliniona nikimimina," Gerson alimwambia.

"Nilikuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angeniamini?"

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipoingia uani kwa marehemu, na Najiat alijua mara moja kwamba ile simu ya kwanza ilikuwa imefika. Kawaida gari la msiba likionekana, vilio hulipokea. Hapa watu walisimama wima, kimya, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Wanaume walilishusha jeneza. Konsolata aliposhuka, hakuna mwanamke aliyekuja kumkumbatia. Deus, mwanawe mkubwa, alipiga hatua kumfuata mamaye, mtu akamshika bega.

Mkekani alikaa Bibi Koleta, mama wa Dismasi na Gerson, miguu ameinyosha. Alimtazama Konsolata kwa macho makavu.

"Mwanangu amekataa nini?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu ya mgeni.

"Mama," Gerson alisema. Alitoka upande wa wanaume, akaja kusimama katikati ya uwanja mahali ambapo wote walimwona, mikono yake ile myeusi mbele yake. "Kaka hakukataa kitu. Gari liliziba masizi. Nilipiga simu nikasema maneno ambayo sikuyajua. Kisha nikaliharibu zaidi kwa mikono yangu, na aliyeliokoa ni huyu. Tazameni kiganja chake. Wote tulikimbia, tukamwacha kaka barabarani. Yeye hakukimbia."

Minong'ono ilipita. Bibi Koleta hakumtazama mwanawe. Aliendelea kumtazama mkwewe.

"Lakini kwenda Tabora alikataa," alisema. "Hilo nalijua. Nilikuwepo."

"Alikataa, mama," Konsolata alisema. "Nilimbandua mlangoni. Nilidhani watamponya. Nisingekaa nimtazame akifa wakati barabara ipo."

Bibi kizee alikunja miguu yake, mmoja, kisha mwingine, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Njoo ukae," alisema. "Ningekuwa na nguvu, ningekusaidia kumbandua."

Konsolata alipiga magoti, na mkwe wake akakivuta kichwa chake kifuani, na hapo kilio kikaanza, kwanza cha wawili, kisha cha ua zima.

Walimzika Dismasi jua likiwa bado juu ya miti. Najiat alisimama nyuma, hajui nyimbo, akisema amina pale waliposema amina. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, Gerson alichota wa kwanza akamwekea Konsolata katika kiganja kizima, cha kushoto, akasimama kando yake mpaka alipomaliza. Baadaye wanawake walimletea Najiat maji ya moto na sabuni ya kipande. Alisugua muda mrefu. Masizi yalitoka viganjani, yakabaki kwenye kucha.